Injini Haikuzima

Kwa muda wa miezi mitatu hivi, pale Bombo, Uganda, nilikozaliwa, walikuwapo watu walioamini kwamba mimi ndiye niliyemuua mtoto wa jirani yetu. Hakuna aliyenitamkia hayo usoni. Watu wa kwetu hawamwambii mtu jambo kama hilo mbele ya macho yake. Walichofanya ni kunyamaza ninapofika. Mjomba wa marehemu, mzee ambaye tangu utoto wangu alikuwa akiitikia salamu yangu kwa kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili, alianza kuitikia huku akitazama barabarani. Mimi ni fundi wa ndege. Ndege ndogo aliyoanguka nayo kijana yule wakati anaingia kutua niliikagua mimi, na kitabu chake nilikitia saini mimi, asubuhi ya siku ileile.

Imepita miaka tisa na sikuwahi kuliandika jambo hili. Naliandika sasa kwa sababu majuzi, katika taarifa ya redio kuhusu ndege ndogo iliyoanguka nchi nyingine ikiwa inakaribia kutua, nilimsikia msomaji akilitafsiri neno la Kiingereza "stall" kwa kosa lilelile lililotupata sisi, nikajua kwamba huko ajali ilikotokea yuko fundi mwingine ambaye watu wameanza kunyamaza anapopita. Sitakitaja kiwanja, wala wenye ndege, wala jina la marehemu. Mama yake yu hai, na aliponiruhusu kueleza alinipa sharti hilo.

Asiyeijua Bombo atauliza kwa nini mambo haya yote yalizungumzwa kwa Kiswahili. Bombo ni mji wa jeshi na ni mji wa Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan. Nyumbani kwa marehemu walisema Kinubi. Baba yangu alikuwa askari, nasi tulilelewa kwa Kiswahili cha kambini. Kati ya nyumba hizo mbili lugha ilikuwa Kiswahili siku zote. Kiliendelea kunifaa nilipokwenda kusomea ufundi Soroti, katika chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, ambako tulisoma vitabu vya Kiingereza darasani na kuelezana maana yake kwa Kiswahili usiku bwenini, Mkenya, Mtanzania na Mganda juu ya kitanda kimoja. Nikifikiri vizuri, bweni lile ndilo lililonifundisha kazi ambayo nilikuja kuifanya mbele ya mama aliyefiwa.

Kijana alikuwa na leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zake binafsi, na alikuwa akikusanya saa. Anayetaka leseni ya biashara, ile inayomruhusu rubani kulipwa kwa kazi yake, kwa kawaida hutakiwa awe ametimiza saa 200 angani, naye alikuwa amevuka 140. Kila saa ilinunuliwa. Pesa zilitoka katika duka la vitambaa la mama yake, katika mfuko wa mjomba, na katika kipande cha shamba kilichouzwa. Nayataja haya kwa sababu yamo ndani ya ajali yenyewe: mtu anayelipia kila dakika ya hewani huwa mzito kughairi kutua na kuzunguka upya, kwa kuwa mzunguko mmoja zaidi ni mafuta, na mafuta ni shamba la mjomba.

Ndege ilikuwa Cessna 172, aina ambayo zimeundwa zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950, yenye viti vinne, injini moja, na bawa linalopita juu ya vichwa vya abiria. Katika ukingo wa mbele wa bawa la kushoto la ndege hiyo kuna tundu dogo, na ndani yake umo ulimi mwembamba wa chuma kama ule wa kinanda cha mdomo. Bawa linapokaribia kuishiwa na nguvu ya kubeba, hewa hufyonzwa kutoka katika tundu hilo, na ule ulimi hulia, filimbi ya huzuni inayopanda kadiri hatari inavyokaribia. Haihitaji umeme wala waya. Fundi huipima kwa mdomo: anaweka leso safi juu ya tundu, anaegemeza midomo, anafyonza. Asubuhi ile niliweka leso, nikafyonza, ikalia. Niliwasha injini, nikasikiliza silinda zote nne, nikakagua mafuta kama yana maji, nikatia saini.

Alirudi alasiri. Ndege inayoingia kutua huzunguka kiwanja kwa umbo la mstatili: hupita sambamba na njia ya kurukia ikiwa kimo cha kama futi 1,000 juu ya ardhi, yaani mita 300 hivi, kisha hukata kona na kuanza kushuka katika upande mfupi, kisha hukata kona ya mwisho na kuielekea njia ana kwa ana. Siku ile upepo ulikuwa umegeuka ukivuma kutoka ziwani, na katika ule upande mfupi ulimsukuma kutoka nyuma. Mimi nilikuwa ndani ya hanga, mikono yangu ikiwa katika injini ya ndege nyingine, wala sikuwa nikimtazama. Nilikuwa nikimsikia. Fundi hasikilizi ndege kwa kukusudia, kama vile mama asivyokusudia kusikiliza pumzi za mtoto aliyelala, lakini pumzi zikibadilika, anaamka.

Mngurumo ulikuwa wa chini, laini, wa injini iliyopunguzwa nguvu kwa ajili ya kutua. Kisha ukapanda wote kwa mara moja, nguvu ya mwisho kabisa, kwa muda wa pumzi moja. Kisha mshindo. Niliacha spana, nikakimbia.

Ilikuwa katika shamba la mihogo, mamia ya mita kabla ya mwanzo wa njia, pua ikiwa imezama udongoni na mkia umesimama. Kijana alikuwa amekwisha kufa tulipofika. Sitaeleza zaidi ya hapo, isipokuwa jambo moja ambalo halijanitoka machoni: petroli ya ndege hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine, na ilikuwa ikidondoka, tone kwa tone, juu ya majani ya mihogo, na majani yakawa na madoa ya buluu. Hata katika hali ile, akili ya fundi ilisema: mafuta yalikuwamo.

Tulimzika Bombo kesho yake baada ya sala ya alasiri.

Kanuni ambazo mataifa yanazifuata katika kuchunguza ajali za ndege, ambazo zilipitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1951 chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, zinasema waziwazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na wala si kumtafuta wa kulaumiwa au wa kuwajibishwa. Nilizijua kwa moyo tangu chuoni. Hata hivyo, walipofika wachunguzi na kuchukua vitabu vyangu vyote, wakafunga kabati langu la vifaa, wakachota mafuta kutoka tangi letu na kuyatia katika chupa zenye lakiri, nilijiona mshtakiwa. Naamini walifanya sawasawa. Fundi aliyetia saini hapaswi kuachwa peke yake na ushahidi, na mimi nilikuwa wa kwanza kukaa mbali na mabaki mpaka niitwe.

Watu wengi wanadhani kila ndege ina kile kisanduku kinachoitwa cheusi, ambacho kwa kweli hupakwa rangi ya machungwa. Ndege ndogo kama ile haina, kwani sharti la kuwa nacho limewekwa kwa ndege kubwa zaidi. Kwa hiyo mchunguzi husoma vyuma. Husoma taa: uzi wa balbu iliyokuwa inawaka hunyooka na kuvutika ndege inapogonga, kwa sababu ni moto na laini, lakini uzi wa balbu iliyozimwa hukatika mkavu. Hufuata kila waya wa usukani kutoka kwenye pedali hadi mkiani, aone kama umekatika kwa kuvutwa na mgongano au ulikuwa umelika tangu zamani. Hufungua plagi na kutazama rangi yake. Juu ya yote, hutazama panga la mbele, lile linalozungushwa na injini na kuivuta ndege.

Panga la ndege ile lilikuwa na bapa mbili, na niliitwa siku ya tatu kulitambua. Panga lililokuwa limesimama au linalozunguka kwa upepo tu, ndege inapogonga, bapa lake moja huweza kukunjwa nyuma kama ukurasa, na la pili likabaki karibu zima. Lile la kwetu halikuwa hivyo. Bapa zote mbili zilikuwa zimejipinda kama herufi S, ncha zimejikunja kuelekea mbele, na usoni mwake mlikuwa na mikwaruzo iliyokwenda kwa upana wa bapa, mikwaruzo ya chuma kilichokuwa kikizunguka kwa nguvu kilipokutana na udongo. Pale ardhini palikuwa na mikato miwili mifupi, kama ya jembe kali. Mchunguzi mmoja aliniita nisogee, akaniuliza ninaona nini. Nilimwambia naona injini iliyokuwa inafanya kazi. Hakunijibu, na hakupaswa kunijibu.

Yapo mashaka ambayo niliyabeba mwenyewe na sikumwambia mtu. Injini za aina ile zina kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, na kabureta ina tabia ambayo mtu wa nchi ya joto huiona kama hadithi: huweza kushika barafu ndani yake na kuinyima injini pumzi hata nje kukiwa na nyuzi 25, iwapo hewa ni nyevu, kwa sababu petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita katika koo jembamba, joto hushuka ghafla kwa nyuzi nyingi. Hatari huzidi injini inapopunguzwa nguvu kwa ajili ya kushuka, na hewa ya kandokando ya Ziwa Victoria ni nyevu mwaka mzima. Rubani ana mkono wa kuvuta ili kupeleka hewa ya moto huko. Barafu hiyo ikishafanya kazi yake huyeyuka, haiachi hata alama. Usiku nilikuwa nikijiuliza: je, kama ndiyo? Lile panga lililojipinda, na ule mngurumo wa mwisho niliousikia kwa masikio yangu, ndivyo vilivyonifanya nilale.

Ripoti ya awali hutolewa ndani ya siku 30. Ilikuwa fupi na ya haki. Ilisema kwamba hapakuonekana dalili ya hitilafu ya injini kabla ya mgongano, na kwamba ndege, katika kona ya kuingia kutua, ilipatwa na lile jambo ambalo Waingereza hulitaja kwa neno moja tu: "stall". Tatizo lilikuwa neno hilo. Dereva yeyote wa Uganda analijua, kwa sababu ndilo analolitumia gari lake linapozimika ghafla katikati ya barabara: ukiachia klachi vibaya, injini inakata, na unalitamka neno hilo. Katika urubani neno hilohilo halina uhusiano wowote na injini. Linahusu bawa. Binamu wa marehemu, kijana msomi na mkweli, aliisoma karatasi mbele ya familia nzima, akalifikia neno lile, akalieleza kwa maana aliyoijua. Ripoti inasema injini ilizimika hewani, aliwaambia. Na injini alikuwa ameikagua nani?

Simlaumu binamu yule. Nalaumu desturi ya kuandika habari ya kifo kwa maneno ambayo wenye msiba hawawezi kuyashika, kisha kuona kwamba kazi imekwisha. Ripoti ile haikuwa na ukurasa hata mmoja kwa lugha ya nyumba iliyofiwa, na hakuna aliyekwenda kuketi nao. Miaka kadhaa baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilipoanguka ziwani ikiingia kutua Bukoba, na kati ya watu 43 wakafa 19, sisi wa upande huu wa ziwa tuliifuata habari kwa Kiswahili tangu saa ya kwanza, tukawasikia kwa lugha hiyo wavuvi waliopiga makasia kwenda kuwaokoa watu. Nilikaa mbele ya runinga nikiwaza kwamba wale wenye msiba, pamoja na uchungu wao wote, walau walikuwa wakiambiwa kwa maneno yao. Julai ya mwaka huohuo baraza letu la mawaziri lilikuwa limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Ningefurahi siku moja kukiona pia katika ukurasa mmoja wa kila ripoti ya ajali, ukurasa ulioandikwa kwa ajili ya mama.

Mama mwenyewe ndiye aliyenitumia ujumbe. Alimtuma mtoto wa jirani na maneno machache: mwambie mwanangu fundi aje, nina swali. Nilikwenda siku ya Jumapili, nikavua viatu mlangoni, nikaketi mkekani. Alikuwa akisuka kifuniko cha chakula, kazi ambayo wanawake wa Kinubi wanaifanya kwa ustadi usio na mfano, nyuzi za rangi zikizungukana kutoka katikati. Hakuacha kusuka.

"Mwanangu," akasema, "nimeambiwa gari la mwanangu lilizimika juu. Wewe ulilitazama asubuhi. Niambie wewe."

Nilimwambia, "Mama, injini haikuzima. Niliisikia mpaka mwisho. Kilichoacha kufanya kazi ni bawa."

"Bawa lilikatika?"

"Halikukatika. Lilikuwa zima."

Aliacha kusuka. Ndipo nilipotambua kwamba sina maneno ya kumweleza, na kwamba mjadala wote wa bwenini Soroti haukunipa kitu cha kumshikisha mama huyu mkononi. Kando ya sigiri palikuwa na upepeo wa ukili, ule wa kuchochea makaa. Niliuchukua. Nilimwambia aunyooshe mkono wake mbele ya mlango, ambako upepo wa alasiri ulikuwa ukipita katika ua, na kuushika upepeo ukiwa umelala bapa. Hakuhisi kitu. Nikamwambia auinue ukingo wa mbele kidogo tu, na upepeo ukamwinua mkono. Uinue tena kidogo, Mama. Ukamwinua zaidi. Sasa uinue sana. Upepeo ukatetemeka, ukaacha kumwinua, ukaanza kumsukuma mkono nyuma. Upepo ni uleule, nilimwambia, na upepeo ni uleule. Umeuinamisha kupita kipimo, na hewa imeshindwa kuufuata mgongo wake.

Kipimo hicho, kwa bawa la ndege kama ile, ni karibu nyuzi 16 dhidi ya hewa inayokuja. Ndani ya kipimo, hewa huambaa juu ya bawa na kulibeba. Ukikivuka, hewa hubanduka, na bawa hubaki kuwa ubao. Injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote.

Mama aliuliza kwa nini mwanawe aliinamisha kupita kipimo, na hapo nilichora kwa kidole juu ya mkeka. Hii ni njia. Huu ni upepo uliomsukuma kutoka nyuma, kwa hiyo alipokata kona ya mwisho alijikuta amekwisha kuipita njia kwa upande. Alitaka kurudi. Njia sahihi ya kurudi kwa haraka ni kulaza ndege zaidi upande mmoja, lakini ukiwa chini, miti ikiwa karibu, mwili wote hukataa kulaza ndege. Basi mguu hukanyaga pedali, kuisukuma pua ielekee njia bila kulaza bawa. Pua hugeuka, lakini pia huanza kushuka, na mkono, bila hata kuamriwa, huvuta usukani ili kuinyanyua. Mguu umekanyaga, mkono umevuta. Bawa la ndani ya kona linakwenda polepole kuliko la nje. Linavuka kipimo kwanza. Linaanguka peke yake, ndege inajipindua upande huo, na pua inatazama ardhi.

Kuna hesabu ambayo sikumwambia siku ile, lakini aijue anayesoma hapa. Ndege ile ikiruka mabawa yakiwa sawa, na uzito wake wa kawaida, huishiwa na nguvu ya kubeba ikifika mwendo wa karibu noti 50, na rubani huingia kutua kwa kama noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa. Anaona ana akiba. Lakini akiilaza kona kwa nyuzi 45 huku akishikilia kimo, ule mwendo wa hatari hupanda hadi karibu noti 60. Akifika nyuzi 60, unakuwa 70, na akiba yote imekwisha ilhali mshale wa mwendo mbele yake haujasogea hata kidogo. Tena nchi yetu yenyewe ina mtego wake. Kiwanja cha Entebbe kiko zaidi ya mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na vingi vya vidogo vyetu viko katika kimo kama hicho au zaidi. Mchana wa joto hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali palipo juu zaidi ya mita 1,800. Katika hewa hiyo, mshale ukisoma 65, ndege kwa kweli inakwenda zaidi ya 70, na upepo wa nyuma ukiongezeka, miti hupita chini kwa kasi inayotisha. Macho humwambia rubani kwamba anakimbia mno. Naye hupunguza.

Alikuwa kwenye kimo cha mita 150 hivi. Ndege iliyopinduka namna ile huhitaji kimo kikubwa kuliko hicho ili rubani, hata hodari, aweze kuirudisha. Ule mngurumo wa nguvu ya mwisho nilioueleza ulikuwa mkono wake ukijaribu.

Siamini kwamba alikuwa rubani mbaya. Kosa lile limewaua marubani wenye saa maelfu, na hesabu zinazotolewa kila mwaka kuhusu ndege kubwa za abiria zinaonyesha kwamba takriban nusu ya ajali zinazoua hutokea katika hatua ya mwisho ya kuingia na kutua, ambayo ni kama asilimia 4 tu ya muda wa safari. Kilichokuwa kimebaki kwake, alipoona ameipita njia, ni kuiacha. Kunyoosha mabawa, kusukuma gesi, kupanda, kuzunguka upya na kuingia tena. Kila mwalimu wa urubani hufundisha hivyo siku za mwanzo. Lakini nimefanya kazi katika viwanja vidogo kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeona watu wanavyosimama nje ya hanga kijana anapoghairi kutua: mmoja anapiga mluzi, mwingine anauliza kwa sauti kama anaogopa ardhi. Nimewahi kusimama nao. Tangu siku ile, rubani yeyote akighairi kutua na kuzunguka, hata mara tatu, ninapompokea namshika mkono na kumwambia amefanya kazi nzuri, na mafundi vijana walio chini yangu wanajua kwamba mluzi wa namna ile haupigwi mbele yangu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza lile swali ambalo nadhani ndilo aliloniitia. "Alijua?"

Nilimweleza habari ya filimbi. Nilimwambia kwamba ndege ina ulimi unaolia bawa linapokaribia kuchoka, na kwamba niliufyonza mwenyewe asubuhi ile, na kwa hiyo naamini ulilia, na kwamba alisikia. Muda gani? Sekunde mbili, Mama. Labda tatu.

Alitaka kuisikia.

Ilichukua wiki mbili kupata nafasi. Tulisafiri kwa taksi kutoka Bombo hadi Kampala, tukabadilisha, tukafika kiwanjani adhuhuri, yeye akiwa amejifunga gurubaba lake la kutokea. Palikuwa na ndege nyingine ya aina ileile. Nilileta ngazi fupi na kumshika mkono akapanda vipandio viwili. Nilitoa leso yangu, lakini alikataa. Alichukua ncha ya kitambaa chake mwenyewe, akaiweka juu ya tundu kama nilivyomwonyesha, akaweka mdomo, akafyonza. Mara ya kwanza haikulia. Mara ya pili ilitoka, nyembamba, ikapanda, ikakatika alipoishiwa pumzi. Mafundi wote waliacha walichokuwa wakifanya. Aliweka mkono juu ya bawa, akaupapasa ukingo wake wa mbele taratibu kutoka kwenye tundu hadi alikoweza kufika, kama mtu anayepima kitambaa, kisha akashuka.

Njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipofika Matugga. Hapo akanigeukia. "Mwambie mjomba wake," akasema. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usimpunguzie."

Nilikwenda jioni ileile baada ya sala ya magharibi. Mzee alikuwa barazani. Niliitwa niketi, nikaletewa chai, nikaanza tangu mwanzo, neno lile la Kiingereza na maana zake mbili. Hakukubali upesi. Alisema yeye amefanya kazi na magari miaka mingi na hajapata kusikia chombo chenye injini kikianguka injini ikiwa nzima. Nilimkumbusha Roma, kwa kuwa kila mtu wa umri wake anaikumbuka: ile Boeing 707 ya shirika letu la taifa iliyoanguka usiku wa tarehe 17 Oktoba 1988 ikiingia kutua katika ukungu, ikaua watu 33 kati ya 52. Injini zake nne zilikuwa zikifanya kazi. Alitikisa kichwa polepole. Alimjua mtu katika ndege ile. Nikamweleza pia habari ya Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe kabla ndege haijapata injini. Agosti 1896 upepo ulimwinua pua ya chombo chake, bawa likavuka kipimo chake, akaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, akafa kesho yake. Hapakuwa na injini ya kuzimika, nilimwambia, wala fundi wa kuikagua.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Mtoto alikuja kuchukua vikombe, akamwashiria aviache.

"Nirudie," akasema, "pale penye kona ya mwisho."

Niliomba upepeo. Waliniletea kutoka jikoni, nikamshikisha mkononi, nikaanza tena.